Kamera Mdomoni mwa Chemba

Saa nne asubuhi soko lilikuwa limefurika watu mpaka pa kukanyaga hapapatikani, na katikati yao maji meusi yalibubujika kutoka chini kana kwamba ardhi yenyewe imevimbiwa. Yalikuwa maji mazito, yenye povu la rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Juu yake zilielea nywele, maganda ya vitunguu, nepi moja iliyofumuka, na kitu kingine ambacho mpiga picha aliyesimama pembeni hakutaka kukitazama mara mbili. Lakini kazi yake ilikuwa kutazama. Alikuwa na kamera ya kilo saba begani, hedifoni masikioni, mafuta ya kuchua yamepakwa chini ya pua kuzima harufu, na alijuta kuzaliwa.

Kazini walimwita Jicho, kwa kuwa haikuwahi kutokea picha ikamponyoka. Nyumbani dada yake alimwita Bibi Kinyaa. Hakunywa maji kwenye glasi ya mtu, hata wa tumbo moja. Kijiko cha mgahawani alikifuta mara tatu ndipo akitumie. Na ule mpira wa kwenye kioo cha kamera, ambao mpiga picha huubana na jicho anaporekodi, alikuwa na wake mwenyewe, anautunza katika kimfuko, maana wazo la kubandika jicho lake palipokauka jasho la jicho la mwingine lilimsisimua mwili. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa na idara ya maji taka kazi ya kutengeneza filamu ya kuwaonya wananchi waache kutupa takataka mitaroni. Alikubali kwa sababu mwezi ule hapakuwa na kazi nyingine.

"Dada, usirudi nyuma," sauti ilisema karibu na miguu yake.

Akaganda. Kichwa cha mwanaume kilikuwa kimechomoza mtaroni hatua mbili tu kutoka alipo, kofia ngumu ya manjano, uso wote tope isipokuwa meno.

"Kuna nini?"

"Kuna kitu nyuma yako. Ukikikanyaga utakikumbuka mpaka uzeeni."

"Kitu gani?"

"Nikikuambia ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Sogea kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Ewaa, hapohapo."

Yule bwana akainama, akazamisha mikono mpaka mabegani, akavuta. Kilichotoka kilikuwa fungu la nywele za bandia zilizosokotana na mafuta ya kukaangia yaliyoganda, kubwa kama ndama, likitoa maji ya kijani. Wauza vitunguu walikimbia na vitunguu vyao. Jicho alibana pumzi, akarekodi.

"Wengine wanasuka, wengine wanakaanga," yule bwana alisema akihema, "na vyote vinanifuata mimi."

Ikawa yeye ndiye kiongozi wa kikosi, yeye ndiye wa kuhojiwa. Maana yake ni kwamba Jicho alilazimika kumbandika maikrofoni ndogo kwenye kola. Alifanya hivyo kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooka, uso ameugeuza upande wa mbao za nyanya.

"Umenishika kama unavyomshika panya aliyekufa," bwana alisema.

"Samahani, kaka yangu."

"Usijali. Panya ana bahati, yeye hajui."

Jicho akarudi nyuma ya kamera, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa macho alimwona mtu wa tope anayechuruzika. Kwa masikio, ndani ya hedifoni, alisikia sauti nzito, tulivu, sauti ya mtu asiye na haraka ya kukushinda. Alieleza namna mafuta ya moto yanavyogeuka jiwe yakikutana na maji baridi, na Jicho akajikuta anasikiliza tu. Swali la pili lilimtoka kichwani kabisa.

"Dada, umelala?" bwana aliuliza.

"Niko macho. Endelea."

"Niendelee na nini? Nimemaliza zamani."

Siku ya tatu simu ikaita. Namba ngeni.

"Ni mimi, panya wako."

Jicho alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. "Namba yangu umeitoa wapi?"

"Umeandika mwenyewe kwenye begi la kamera, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno USIGUSE. Sikugusa. Nilisoma."

Walikubaliana kunywa chai alasiri, mgahawa wa kona karibu na ofisi za idara. Jicho alivaa gauni la bluu na kikoti cheupe, akajipulizia manukato mpaka dada yake akapiga chafya, kisha akajiambia njia nzima kwamba anakwenda kwa ajili ya filamu. Alipofika alipita meza tatu bila kumtambua. Aliyesimama kumpokea alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe, kucha zimekatwa fupi zikasuguliwa, shingo inang'aa. Alinukia sabuni tu.

"Wenzangu wananiita Msafi," alisema akimvutia kiti. "Wanadhani ni mzaha. Naoga mara tatu: pale kazini, nikifika nyumbani, na kabla ya kulala. Shangazi yangu anasema nitachubuka."

Mhudumu akaleta chai. Msafi akachukua kijiko cha Jicho, akatoa leso mfukoni, akakifuta mara moja, mara mbili, mara tatu, akakiweka kwenye kisahani. Jicho alikitazama kijiko kile mpaka chai ikaanza kupoa. Alikuwa amekwisha.

Wiki tano zilizofuata mchana ulikuwa uvundo na jioni ilikuwa asali. Mchana walizunguka mitaro ya juujuu, ile ya kina cha goti. Jicho alirekodi panya waliovimba, magodoro yaliyooza, ndoo nzima ya utumbo wa kuku ambayo mwenye bucha aliimwaga mtaroni mbele ya kamera bila aibu, akapunga mkono. Lile la bucha lilimchefua kuliko mengine yote. Uchafu ni uchafu, lakini mtu anayekumwagia huku anatabasamu? Alitamani kumrudishia dukani mwake kwa beleshi. Jioni simu iliita.

"Umekula, Jicho langu?"

"Nile vipi na ule utumbo bado nauona?"

"Fumba macho."

"Nikifumba nauona vizuri zaidi."

"Basi nifikirie mimi."

"Nikikufikiria wewe nauona umeushika!"

Wakacheka wote. Lakini Jicho hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alimpenda yule mtu. Alimpenda kwa sauti, kwa utani, kwa heshima aliyowapa hata wazee wa kufagia. Ila kila Msafi aliponyoosha mkono wake safi juu ya meza, Jicho alikumbuka wa kwake una kazi mahali pengine: alitafuta leso, alishika mkoba, alisahihisha hereni. Msafi aliurudisha mkono polepole na kuendelea na mazungumzo.

Kisha ikafika siku ya chemba kuu.

Chemba kuu ni kisima cha zege chini ya barabara, kina cha watu wanne waliosimamiana vichwani, ambako mitaro yote ya mtaa hukutana. Ilikuwa imeziba. Filamu nzima ilitegemea siku hiyo: Msafi ashuke kwa ngazi, avunje kilichoziba, maji yaondoke, watazamaji wapumue. Mfuniko ulipofunguliwa Jicho alihisi harufu ikimgusa usoni kama mkono wenye jasho. Ilikuwa ya mayai viza na ya choo na ya nyama iliyosahauliwa, vyote pamoja, na ilikuwa na joto. Akajipaka mafuta ya kuchua mengi kupita kiasi, yakamwingia machoni. Machozi yakamtiririka.

Sasa, kamera ile ina kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza inarekodi, ukikibonyeza tena inaacha, na kitaa chekundu ndani ya kioo ndicho kinachokuambia uko wapi. Jicho alipoitoa kwenye begi kidole kilishabonyeza bila yeye kujua, na kwa macho yaliyojaa machozi kitaa hakukiona. Kwa hiyo tangu hapo kila alipodhani anaanza alikuwa anaacha, na alipodhani ameacha alikuwa anaanza. Wapiga picha wote wanaliogopa kosa hilo. Limewapata wengi, na wengi hawasemi.

Msafi aliposhuka, alipovunja, maji yalipoguruma, kamera ilikuwa imelala usingizi. Jicho aliposogea hatua thelathini kutoka shimoni apate hewa, kamera ikining'inia kiunoni, ilikuwa inarekodi buti zake na sauti yake. Na dada yake akapiga simu.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kazi, hakukagua picha alizorekodi. Aliikabidhi kadi ya kamera ofisini, kama ilivyokuwa desturi yao ili wabaki na nakala, akakimbilia nyumbani kuosha nywele.

Asubuhi alipofika idarani alikuta kikosi kizima kwenye chumba cha chai. Mkuu wa idara, mzee mnene mwenye moyo mzuri, alikuwa ameunganisha mashine ya kuonyeshea filamu ili vijana wajione ukutani. Ukutani palikuwa na buti mbili za mpira na tope. Watu walikuwa wanacheka. Mlangoni Jicho akaisikia sauti yake mwenyewe:

"Mzuri, dada, sikudanganyi. Ananichekesha mpaka mbavu zinauma. Lakini mikono yake! Akininyooshea mkono naona alichokitoa shimoni asubuhi, nataka kutapika." Buti zilitembea hatua mbili. "Nani, yeye? Yeye hasikii chochote. Hawa pua zao zilikufa zamani. Mtu mwenye pua hai angeshuka mle?" Kisha kicheko chake, kirefu.

Kwenye maneno ya mikono, vijana walikuwa bado wanacheka na kumgonga Msafi mgongoni. Kwenye yale ya pua, kicheko kilikatika chumba kizima. Mmoja alivua kofia. Msafi akainuka, akaenda kwenye mashine, akaizima kwa utaratibu, na alipogeuka akamwona mlangoni.

"Dada," alisema, "picha zako zimeharibika." Akampita, akatoka.

Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze, hata kama ni ile ya chemba.

Simu zake hazikupokelewa siku tatu. Siku ya nne zikapokelewa.

"Nisamehe," Jicho alisema haraka, asije akakatiwa. "Nimekuaibisha mbele ya wenzako kwa sababu ya mikono yako, na mikono yako ni safi kuliko yangu."

"Mikono yangu hata mimi naionea kinyaa siku nyingine. Siyo mikono."

"Sasa ni nini, mpenzi?"

Ilijibu ile sauti tulivu, lakini leo imefungwa mlango. "Mkuu anasema chemba itaziba tena muda si mrefu, utakuja urudie picha. Utafanya kazi na Babu Kamba, mzee wetu wa kushika kamba. Mimi usinitafute." Akakata.

Dada yake alikuwa jikoni anakata vitunguu na hakumwonea huruma hata kidogo. "Umemwomba msamaha wa nini?"

"Wa kila nilichosema."

"Hujui hata kilichomuuma, unaomba tu kama unayepiga mbu gizani. Kajue kwanza. Na toa hiyo mikono yako kwenye maji yangu, Bibi Kinyaa, unanawa mara ya ngapi?"

Jicho aliangalia mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kwa maji. Kwa mara ya kwanza kinyaa chake kilimgeukia yeye mwenyewe, na hakukuwa na sabuni ya kukiondoa.

Chemba iliziba tena wiki ya pili. Jicho alifika amevaa ovaroli na buti, nywele amefunga, pua tupu, maana mafuta ya kuchua aliyaacha nyumbani kwa makusudi. Harufu ilimpokea vilevile. Alimeza mate, akaweka kamera kwenye stendi mdomoni kabisa mwa shimo, akakagua kitaa chekundu mara nne. Msafi alikuwa ameshashuka bila kumsalimu. Juu alibaki mzee mkavu aliyeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Msafi. Huyo ndiye Babu Kamba.

Kila baada ya muda mfupi mzee aliinama akapaza sauti: "Inanuka?"

Kutoka chini, mbali, ikaja: "Inanuka!"

"Inanuka?"

"Inanuka, mzee!"

Jicho alivua hedifoni. "Babu, mbona mnaulizana? Si kila mtu anajua inanuka?"

Mzee alimtazama kwa muda, kama anayeamua kama binti huyu anastahili jibu. "Mle kuna hewa mbaya, mjukuu wangu. Ikiwa kidogo inanuka mayai viza. Ikizidi inaua pua. Yaani ghafla husikii kitu, unadhani shimo limetulia. Kumbe umebakiwa na muda wa kuvuta pumzi chache tu. Kipima gesi tunacho, lakini ukivunja kilichoziba hewa inatoka kwa mkupuo, kipima kinachelewa. Kwa hiyo tunauliza. Akisema inanuka, yu hai. Siku akisema hainuki, tunavuta kamba hatuulizi tena." Akakaza mkono. "Mwaka juzi tulikuwa na mwenzetu, rafiki yake mkubwa huyu. Akatuambia kwa furaha, jamani leo hainuki kabisa. Tulivuta. Hatukuwahi. Msafi ndiye aliyempokea hapo ulipoweka miguu yako."

Jicho aliitazama miguu yake. Maneno yake mwenyewe yakamrudia, pua zao zilikufa zamani, na kile kicheko kirefu nyuma yake. Aliwahi kuchukia funza, utumbo, usaha. Hakuwahi kuchukia kitu kama alivyokichukia kicheko kile.

"Babu," alisema, "nipishe niulize mimi."

Mzee alisogea. Jicho akapiga magoti kwenye tope, akashika kingo za zege zilizoteleza kwa utelezi wa kijivu usiojulikana ni wa nini, akaingiza kichwa kwenye ule mvuke.

"Inanuka?"

Hakuna jibu.

Chini aliona mwanga wa tochi tu, umetulia mahali pamoja. "Msafi! Inanuka?"

Kimya. Babu Kamba alipanua miguu, akaanza kuvuta.

"Nakuuliza inanuka!" Jicho alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Nijibu! Useme inanuka!"

Tochi ikageuka juu, ikampiga machoni.

"Inanuka," sauti ilisema polepole. "Inanuka sana. Na wewe toka hapo, utatapika."

Alitapika hapohapo, mara mbili, pembeni ya stendi, mbele ya kamera inayorekodi, huku analia na kucheka kwa pamoja. Kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akarudisha kichwa shimoni, akaendelea kuuliza mpaka maji yalipoguruma yakaondoka na koo likamkauka.

Msafi akapanda. Alitoka mtu wa tope mtupu, gundi ya mafuta shingoni, karatasi ya chooni imenata kwenye kofia, maji meusi yakimchuruzika viwikoni. Wakatazamana.

"Umetapika," alisema.

"Mara mbili."

"Mimi mara moja. Asubuhi, kabla ya kushuka. Kila siku, mwaka wa kumi na mbili huu. Ndiyo maana chai yangu ni ya alasiri."

Wiki zote hizi Jicho alidhani yule mtu ameumbwa vingine. "Nilisema pua yako imekufa."

"Ulisema."

"Nakuomba radhi kwa hilo, wewe na wenzako, na yule mwenzenu. Nilikuwa mjinga. Lakini kwa kinyaa changu sikuombi radhi, kwa sababu sitaweza kukiacha. Mpaka sasa nikikutazama tumbo linapanda. Hata ukiwa umeoga nitakuwa naiogopa mikono yako siku nyingine. Ni bora ujue."

"Nani alikuambia ukiache?" Msafi alivua kofia, akaitazama ile karatasi, akakunja uso kwa kinyaa kilekile, akaibandua kwa ncha za vidole viwili. "Wenzangu wake zao wamezoea. Wakiingia ndani hakuna anayeinua hata macho. Mimi nilipokusikia unapiga kelele pale juu nilinyamaza makusudi. Nisamehe. Nilitaka kusikia mara moja zaidi mtu akiniuliza hivyo."

"Ulininyamazia makusudi? Nilidhani umekufa, mshenzi wewe!"

"Nataka nyumba ambayo nikifika mlangoni mtu ananikunjia uso na kunirudisha bafuni. Jicho, nikubalie. Ningeyasema haya nikiwa na shati jeupe, lakini nikienda kuoga nitaanza kuogopa."

Babu Kamba aliacha kukunja kamba. Vijana wa kikosi walijifanya wanatafuta beleshi.

Jicho alimtazama kuanzia nywele zilizogandamana hadi buti zinazobubujika, hakuruka kitu, kama mtu anayerekodi picha ambayo haitarudiwa. "Unanuka," alisema. "Unanuka kuliko kitu chochote nilichowahi kukipenda, na ukisogea hatua moja tu natapika mara ya tatu."

Msafi alisimama palepale, maji machafu yakifanya dimbwi miguuni pake, akasubiri.

Jicho akabana pua kwa vidole viwili, akasema ndiyo.